Uchambuzi wa kisa: Kipima antena cha Tanga kilichosikika Chaneli 16

Kisa hiki kilitokea Tanga mjini. Majina, mtaa, tarehe na idadi ya vifaa nimeviondoa, na mambo mawili madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike na majirani zao. Nitawaita kwa kazi zao: Fundi, mwenye karakana ya redio na runinga, Mwalimu, anayefundisha umeme katika chuo cha ufundi na ambaye saa za mapumziko hucheza na redio, na Nahodha, mwenye mashua za uvuvi. Mimi niliitwa shauri likiwa limeshaiva, nisaidie kuandika maelezo ya kiufundi.

Nakiweka wazi kwa ajili ya mafundi wanaoagiza vipimo vya redio vya bei nafuu, wakaviunganisha na kuviuza. Wakinipigia simu, karibu wote huanza na swali moja: "Hiki kihesabiwe redio au mita?" Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni nini hasa kinatoka kwenye tundu la kifaa. La pili ni nani atakayekishika ukishakiuza.

Usuli

Kwa miaka mingi kuelekeza antena ya runinga Tanga kulikuwa kazi ya watu wawili: mmoja juu ya bati anageuza bomba, mwingine dirishani anapiga kelele "imekuja! imekata! rudisha!" Fundi alitaka kuachana na kelele hizo. Akaagiza vipima antena vya mtindo wa NanoVNA.

Kifaa hiki kinaingia mfukoni. Mchoro wake wa asili ulitoka Japani kwa mtu anayejulikana mtandaoni kama edy555. Kwa kuwa mchoro na programu viliachwa wazi, karakana nyingi za Asia zimeviiga, na wengine wameiga waliokwisha kuiga. Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kinapeleka mawimbi hafifu kwenye antena kupitia tundu la kwanza, kisha kinapima kiasi kinachorudi. Tundu la pili hupokea, kwa hiyo unaweza pia kupima kiasi kinachopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nguvu inayotoka ni kama sehemu ya kumi ya miliwati. Kwa nguvu hiyo humsumbui mtu wa nyumba ya tatu.

Fundi aliagiza bodi tupu zisizo na ganda wala betri, kwa sababu zilikuwa nafuu. Akazitengenezea maganda, akaweka betri za lithiamu na mfuko wa kubebea, akabandika jina la karakana yake. Zilinunuliwa na mafundi wa antena wa mjini, wachache wa Muheza na Pangani, na wawili wanaotengeneza redio za upepo za vyombo vya baharini.

Mambo yangeishia hapo kusingekuwa na cha kuchambua. Lakini wateja walitaka kulinganisha antena mbili kwa umbali, yaani moja irushe kutoka paa hili na nyingine ipokee paa la pili. Kwa sehemu ya kumi ya miliwati, na hasa kwenye masafa ya runinga ambako kifaa hiki usikivu wake hupungua, usomaji ulikuwa unarukaruka tu. Hapo Fundi akabuni kilichoipa karakana yake sifa: busta ndogo ya wati moja, inayochomekwa kwenye tundu la kwanza. Usomaji ukatulia. Wateja wakafurahi. Ongezeko kutoka sehemu ya kumi ya miliwati hadi wati moja ni mara elfu kumi, lakini kwenye ganda la kifaa hakuna kilichobadilika ila swichi moja nyekundu.

Karatasi alizokuwa nazo

Fundi hakuwa mtu wa kukwepa sheria, na hili nalisema kwa sababu baadaye wapo waliomnong'ona. Alikuwa na namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya halmashauri, na faili lenye karatasi mbili alizoziamini.

Ya kwanza ilikuwa tamko la CE, ile alama ya bidhaa za soko la Ulaya, alilolipakua kutoka kwa muuzaji. Ya pili ilikuwa ukurasa wa maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu vifaa vya redio, namba 2014/53/EU, ambao Mwalimu alimchapishia. Kiambatisho cha kwanza cha maelekezo hayo kinaviondoa vifaa vya waendesha redio wa ridhaa, yaani wanaorusha mawimbi kwa kupenda fani na siyo kwa biashara, mradi havijaingizwa sokoni. Kisha kinataja vinavyohesabiwa kuwa havijaingizwa sokoni: vifurushi vya kuunganishwa na kutumiwa na mwana-redio wa ridhaa, kifaa alichokirekebisha kwa ajili ya matumizi ya ridhaa, na kifaa alichokiunda mwenyewe kwa majaribio ya fani hiyo. Fundi alipiga mstari chini ya neno "vifurushi". Alinunua bodi tupu, kwa hiyo yumo.

Alichoruka ni sehemu ya pili ya sentensi ileile, *kuunganishwa na kutumiwa na* mwana-redio. Yeye aliunganisha, akatia chapa, akauza kwa mafundi ambao hawakuwa wana-redio wa ridhaa. Marekani nako wana msamaha unaofanana, na wenyewe ni mkali zaidi: kifungu cha 15.23 cha kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kinamruhusu mtu kujitengenezea vifaa visivyozidi vitano kwa matumizi yake binafsi, visiwe vya kuuzwa wala visitokane na kifurushi. Kote kuwili anayesamehewa ni mtu na matumizi yake. Kifaa kikihama mkono kwa bei, msamaha hauhami nacho.

Juu ya hayo, hiyo ni sheria ya Ulaya na Marekani. Tanga inaongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki vinatakiwa viidhinishwe kabla ya kuingia sokoni. Kuingiza na kusambaza, kuuza, kufunga na kutengeneza vifaa hivyo kuna leseni zake, na kurusha mawimbi kwenye masafa yanayohitaji leseni bila kuwa nayo ni kosa. Tamko la CE ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa yake inatimiza masharti ya Ulaya. Haligeuki kuwa cheti cha Tanzania kwa kuvuka bahari. Na katika kisa hiki hata uhusiano wake na bodi zilizokuwa mezani ulikuwa wa mashaka, kwa kuwa karatasi ilitaja toleo moja na bodi zilikuwa za toleo jingine.

Tik, tik, tik

Nahodha ndiye aliyesikia kwanza. Redio ya upepo ya mashua yake huwa imewashwa Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ambayo kote duniani ni chaneli ya kuitana na ya kuomba msaada baharini. Kwa siku kadhaa, mchana, aliposogea karibu na ufukwe alisikia mlio mfupi, tik, ukirudi kila baada ya sekunde chache. Akienda mbali unafifia. Akirudi unakuja. Siku moja mchana mlio ukakatika, badala yake ikawa kimya. Wale wasiojua redio za FM watadhani kimya ni nafuu. Redio ya namna hiyo isipopokea kitu huzima spika yake yenyewe na taa ya mapokezi haiwaki. Hapa taa iliwaka na spika ilifunguka, ila hakuna neno. Maana yake ni kwamba kuna mtu anarusha mawimbi matupu. Na kwa kuwa redio za FM humsikia mwenye nguvu na kumfunika mnyonge, mwenye redio ya mkono aliyeko nje kwenye mawimbi angeita asisikike. Siku ile hakuna aliyeita, tushukuru.

Nahodha alikwenda kwa Fundi akiamini redio yake imeharibika. "Fundi mwanangu, hii redio yangu imeingia jini, tik tik mchana kutwa." Fundi akaipima, akaona nzima. Akampigia Mwalimu.

Mwalimu alikuja na redio ya mkono na kichambuzi kidogo cha masafa, tinySA. Njia aliyotumia haina gharama, na fundi yeyote anapaswa kuijua. Unaiweka redio kifuani, unazunguka polepole ukiangalia kipimo cha mapokezi. Mwili wako ni kizuizi, kwa hiyo mapokezi yanapoanguka kabisa, chanzo kiko mgongoni kwako. Ukifanya hivyo kutoka sehemu tatu tofauti, mistari inakutana. Iliwakutanisha kwenye nyumba ya ghorofa moja isiyo mbali na bahari, na juu ya paa lake alikuwepo mteja wa Fundi mwenyewe, akiwa na kipima antena na swichi nyekundu imewashwa, anaelekeza antena ya runinga.

Mteja akaonyesha kioo. Kilisomeka megahezi 470.4. "Mimi niko kwenye runinga, baharini nimefikaje?"

Kioo kinasema moja, tundu linatoa jingine

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitu kinachozalisha mawimbi ndani ya vipima hivi ni kijisahani (chipu) cha saa kinachoitwa Si5351. Kinatoa wimbi la mraba, na hakikuumbwa kupanda juu sana. Kwenye mchoro huu hukamuliwa hadi karibu megahezi 300 tu. Ili kupima juu ya hapo, programu hutumia ujanja: wimbi la mraba huwa limebeba hamoniki ndani yake, yaani mawimbi mengine madogo kwenye masafa yake mara tatu, mara tano na kuendelea. Ukiomba megahezi 435, kijisahani kinazalisha 145, na kifaa kinasikiliza ile hamoniki ya tatu. Kama ni kupima antena kwa nguvu hafifu, ujanja huu ni mzuri na hauna kosa lolote.

Lakini hamoniki ya tatu ya wimbi la mraba ina theluthi tu ya kimo cha wimbi la msingi, sawa na desibeli 9.5 chini yake. Kwa hiyo kioo kinaposema 435, kinachotoka kwa wingi kwenye tundu ni 145. Na kioo kinaposema 470.4, kinachotoka kwa wingi ni 156.8. Ni Chaneli 16 yenyewe, bila kupungua wala kuzidi.

Yule mteja alikuwa anapitisha masafa ya chaneli ya kwanza ya runinga ya UHF, kutoka 470 hadi 478, kwa nukta 101, yaani hatua 100. Kila hatua ni megahezi 0.08, na hatua ya tano baada ya mwanzo inaangukia 470.4. Mara moja kwa kila mzunguko, basi, wimbi la msingi liligusa Chaneli 16 likaendelea na safari yake. Alikuwa ameongeza idadi ya vipimo vinavyotolewa wastani ili usomaji utulie, kila hatua ikachukua muda zaidi, ndiyo sababu redio zilipata nafasi ya kufungua spika. Hiyo ndiyo tik. Siku ya kimya alikuwa ameona antena yake ina kasoro kwenye 470.4, akasimama hapo makusudi ili akaze skurubu huku akiangalia namba.

Busta ya Fundi ilikuza kila kilichoingia, na kilichoingia kwa wingi kilikuwa wimbi la msingi. Haikuwa na filta. Antena ya kurushia nayo ilikuwa moja ya zile za zamani zenye chane ndefu za VHF, zilizobaki juu ya mabati tangu enzi za analojia, ambayo kwa 156.8 hailalamiki sana. Tuseme asilimia moja tu ya ile wati ndiyo iliyotoka hewani, yaani miliwati kumi. Kwa umbali wa kilomita moja bila kizuizi, mapokezi yangekuwa karibu dBm 66 chini ya sifuri (dBm ni kipimo cha nguvu kinacholinganishwa na miliwati moja). Redio ya baharini inasikia vizuri hata kwenye 110 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na kati ya paa la ghorofa na bahari hakuna cha kuzuia.

Narudi kwenye swali la redio au mita. Kabla ya swichi nyekundu, mita. Baada yake, kirusha mawimbi kisicho na leseni, kwenye masafa ambayo hata mwenyewe hayajui. Jina lililobandikwa kwenye ganda halikubadilika.

Shehena ya pili

Haya yakiendelea, mzigo wa pili wa Fundi ulikuwa umefika na kukwama. Muuzaji alikuwa ameuita bidhaa yake kwa majina yote yanayovutia wanunuzi, jenereta ya mawimbi, kirushaji na kipimo, na wakala wa forodha akanakili jina zima lilivyo. Kwenye mfumo wa kimataifa wa ushuru majina hayo yanakwenda sehemu tofauti. Vyombo vya kupimia umeme na vichambuzi vya masafa viko kichwa cha 90.30. Jenereta za mawimbi ziko 85.43. Virushaji viko 85.17 au 85.25. Neno "kirushaji" likishasomeka, kuulizwa cheti cha kuidhinishwa ni jambo la kawaida, na aliyeuliza alikuwa anafanya kazi yake. Fundi alipeleka faili lake la karatasi mbili. Likarudi.

Mbaya zaidi, ndani ya mzigo uleule zilikuwemo bodi za busta.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanywa kabla sijafika, na ulifeli. Mwalimu alirekebisha programu ya ndani ili busta isifanye kazi kati ya megahezi 156 na 162, pamoja na masafa ya ndege. Wakavipakia vifaa vya wateja wawili. Siku iliyofuata tik ikarudi. Zuio lilikuwa linasoma namba ya kioo, na kioo kilikuwa kinasema 470. Mwalimu aliligundua mwenyewe jioni ileile alipochomeka tinySA kwenye tundu kupitia kipunguza nguvu. Ningependa kila fundi aanze na kipimo hicho, kabla ya kuandika mstari wowote wa programu.

Wa pili ulikuwa kusimamisha uuzaji wa busta na kuzirudisha zilizouzwa. Fundi alipinga kwanza: ndizo zinazoleta faida. Alipendekeza badala yake aombe leseni ya redio ya ridhaa, apate namba ya wito inayoanza na 5H, awe halali. Tulilikataa kwa sababu moja inayotosha. Leseni ya ridhaa inamruhusu mtu kurusha kwenye mikanda ya ridhaa tu, ambayo katika kanda yetu ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni 144 hadi 146 na 430 hadi 440 kwa masafa ya juu yaliyo karibu na haya. Megahezi 470 ni ya runinga na 156 ni ya baharini. Cheti cha ridhaa kisingemsaidia juu ya lile paa hata kidogo, na kwa mteja wake ndiyo kabisa, maana leseni ni ya mtu.

Tulifikiria pia kuweka filta inayozuia kila kilicho chini ya megahezi 400 kati ya kipima na busta. Kiufundi hiyo ndiyo dawa hasa: wimbi la msingi linabanwa kabla ya kukuzwa. Lakini ingebaki wati ya mawimbi ya runinga inayorushwa na mtu asiye na ruhusa, mtaani kwenye ving'amuzi. Filta ingeondoa kero ya Nahodha na kuhamishia kero kwa mama mwenye tamthilia yake. Mwalimu alijitengenezea moja kwa ajili ya karakana ya chuo, anapima ndani ya kebo, basi.

Wa tatu ulikuwa kujieleza kwa maandishi kwa mamlaka kabla Fundi hajaulizwa. Hapa palikuwa na mvutano, na ulichukua karibu wiki. Fundi alihofu kwamba barua itamkamatisha. Nahodha ndiye aliyemaliza mjadala. "Mwanangu, watu walioko nje usiku hawajui kama wewe unaogopa. Waandikie." Barua ikaandikwa.

Wa nne ulikuwa kuutenganisha mzigo. Bodi za vipima ziliombewa zitambuliwe kama vyombo vya kupimia, zikiwa na maelezo yake kamili. Bodi za busta Fundi alikubali kuziacha. Maelezo yalikuwa kurasa tatu: mchoro wa sehemu za kifaa, kila tundu na kinachotoka humo, nguvu ya juu iliyopimwa kwenye mzigo wa ohm 50 (kiziba kinachomeza mawimbi, siyo shehena), orodha ya hamoniki zilizopimwa, picha za bodi mbele na nyuma, na aya moja inayosema wazi kwamba juu ya megahezi 300 masafa ya kioo siyo masafa makuu ya tundu. Wakala alishauri aya hiyo iondolewe, ati inatia mashaka. Ilibaki. Mtu atakayekipima kifaa ataliona jambo hilo baada ya dakika tano, na bora aikute barua imeshalisema.

Matokeo

Vipima viliachiwa baada ya mawasiliano kadhaa, vikiwa vimetenganishwa na busta. Nasisitiza kwamba jibu lile lilihusu mzigo ule, kwa maelezo yale. Usilichukue kama ruhusa ya jumla. Peleka maelezo ya kifaa chako mwenyewe uulize. Gharama za kuhifadhi zilikula sehemu kubwa ya faida. Fundi alielekezwa kwenye taratibu za leseni ya uuzaji na ya matengenezo, akaanza kuzifuata, na uuzaji ukasimama hadi zikamilike.

Busta zilirudi karibu zote. Fundi alibadilishana kila moja kwa kipunguza nguvu na mzigo wa ohm 50, yaani kile kiziba kidogo kinachomeza mawimbi yasitoke hewani, pamoja na kebo ya kulinganishia antena kwa karibu. Mteja mmoja alikataa katakata, akidai ameinunua kwa jasho lake. Alikubali alipopelekwa mwaloni na kusikilizishwa redio ya Nahodha wakati mwenzake anawasha swichi kwa sekunde mbili juu ya kiziba kisichofungwa vizuri. Sikulipenda onyesho hilo, kwa sababu ni kurudia kosa lilelile kwa makusudi, ingawa lilifanya kazi. Busta moja haikupatikana. Aliyeinunua alihamia kisiwani na simu yake haipokelewi.

Chaneli 16 ilitulia.

Kilichofaa, kilichofeli

Usahihi wa kutafuta chanzo ulikuwa mzuri. Redio kifuani na miguu miwili ilitosha. Wangesubiri kuja gari la vipimo, mlio ungeendelea kwa muda mrefu zaidi.

Kufeli kwa lile zuio la programu ndiko kunakonisumbua, kwa sababu mtu mwenye ujuzi alilifanya kwa nia njema. Kosa lilikuwa kuichukulia sheria kama orodha ya namba zilizokatazwa, kisha kuzilinganisha na namba za kioo. Sheria za masafa hazijali kioo chako. Zinahusika na kinachoonekana hewani, pamoja na kile usichokikusudia. Ndiyo maana hata Ulaya, chombo cha kupimia ambacho si cha mawasiliano kikitoka nje ya maelekezo ya redio, huangukia kwenye maelekezo ya 2014/30/EU, yanayohusu vifaa kutosumbuana. Ukitoka mlango huu unaingia ule.

Juu ya ile wiki ya mvutano, nadhani ilikuwa ndefu kupita kiasi. Busta mbili tatu zilikuwa bado mtaani na hakuna aliyekuwa amepigiwa simu, kwa kuwa wote walikuwa wanajadili barua. Kurudisha vifaa kungeanza siku ileile ya lile paa, barua ikafuata. Hofu ya Fundi naielewa, ila simu kwa mteja haihitaji wakili.

Karatasi za CE nazo zina jambo la kusemwa. Wengi watasoma kisa hiki wakaondoka na wazo kwamba hazina maana. Zina maana kama zinahusu bodi uliyonayo: ripoti ya vipimo iliyoambatana nazo inaweza kuwa mwanzo mzuri wa maombi yako ya kuidhinishwa hapa nyumbani. Muulize muuzaji ripoti yenyewe, siyo tamko la ukurasa mmoja, na ulinganishe namba ya toleo na ile iliyochapwa kwenye bodi. Akishindwa kuitoa, umejua unanunua nini.

Na kuhusu betri, ambayo haikuleta matatizo safari hii: betri za lithiamu zinazosafirishwa zinatakiwa ziwe zimepita vipimo vya UN 38.3. Fundi alizitoa kwenye simu kuukuu. Kama angekubali oda aliyoletewa kutoka nje ya nchi, mzigo ungekwama kwenye kaunta ya kwanza ya ndege.

Mwalimu sasa anataka kuagiza bodi tupu kwa ajili ya wanafunzi wake, kila mmoja aunganishe chake mwenyewe na kukitumia chuoni, ndani ya kebo. Safari hii maelezo yameandikwa kabla ya oda, na swali limepelekwa kwa maandishi. Jibu likija ndipo watajua kama waagize.